Maji Yaliyolala

Mpuguso,
22 Februari 2025

Mwanangu Yusra,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika na hii mvua. Masikio ni yale yale: mtu akikaa karibu namsikia, simu siisikii kabisa. Kwa hiyo endelea kuniandikia, umpe Husseni wa basi, ataniletea hapa kwenye cherehani. Na wewe afya yako je? Unakula vizuri huko Mbeya?

Habari kubwa ya hapa ni yako. Juzi mtendaji alitutangazia kwamba yale mabomba mliyochimbia kuzunguka yadi ya zamani ya kuchovya nguzo za umeme kwenye dawa ya lami yamepimwa, na maji ya huku kwetu chini hayana sumu. Watu wakaguna, unawajua. Nikasimama nikasema, "Aliyepima ni binti yangu. Mimi namjua." Wakakubali.

Jirani yetu Atupele akaenda moja kwa moja kwake, akaondoa mbao alizofunikia kisima chake. Mwaka mzima mama wa watu amekuwa akipanda na ndoo mpaka chemchemi ya juu. Leo amenipikia chai kwa maji ya kisima hicho. "Ndaga fijo, Mzee Nurdin," akanishukuru kwa Kinyakyusa, "umelea." Nikamjibu kwamba tulilea wote, maana mama yako alipofariki ni yeye aliyekubeba mgongoni.

Mfungo huo umekaribia. Idd tutakula pamoja, inshallah.

Baba yako,
Nurdin

Mbeya,
17 Machi 2025

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo na swaumu inakwenda vizuri. Mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu, kazi zimenibana.

Naomba umwambie mama mdogo Atupele asitumie kisima kwanza. Aendelee na chemchemi kwa muda. Na wewe usinywe kwake. Ni tahadhari tu.

Idd huenda nisipate ruhusa.

Mwanao,
Yusra

Mpuguso,
2 Aprili 2025

Mwanangu,

Idd mubarak. Mimi sijambo. Pilau tumekula bila wewe.

Nilimwambia Atupele ulivyosema. Akauliza kwa nini. Nikasema ni tahadhari. Akacheka, akasema mtoto amesoma mpaka anaogopa maji. Binti yake Jenifer amejifungua na wako hapo kwake, kichanga kinaogeshwa maji ya kisima hicho asubuhi na jioni. Na mimi nimekunywa. Ningekataaje chai yake baada ya maneno niliyosema mbele ya watu?

Yusra, wewe si mtu wa barua fupi. Kuna nini?

Baba yako

Mbeya,
5 Aprili 2025

Shikamoo baba,

Safari hii naogopa hata kukuuliza hali yako.

Kila bomba, kabla ya kujaza chupa ya maabara, kwanza tunayavuta yale maji yaliyolala ndani yake, tunayamwaga, halafu tunasubiri mapya yaingie kutoka ardhini. Yaliyolala yameshapigwa na hewa. Yanaweza kuonekana safi wakati ardhini kuna sumu. Bomba la chini, lile linalotazamana na kwa mama mdogo, ni gumu: ukishalivuta linajaa polepole sana, unaweza kukaa hapo nusu ya siku.

Siku tuliyokuja kupima, lilikuwa la mwisho. Mvua ilikuwa inateremka kutoka mlimani na Meshaki, dereva wetu, alihofia gari kukwama kwenye tope. Nilikuwa nimelowa, nimechoka. Nikajaza chupa kwa maji yaliyolala. Meshaki akaniuliza, "Hilo umelisubiri?" Nikamwambia, "Nimelisubiri." Hakuna aliyenilazimisha, baba. Nilijisemea tu kwamba yatakuwa safi hata hivyo. Kazini bado sijamwambia mtu.

Barua yako ya kwanza ilipofika, niliisoma mpaka pale uliposimama mbele ya watu, nikashindwa kuendelea.

Sijui kama maji yale yana sumu. Hilo ndilo linaloninyima raha: sijui, na nyinyi mnayanywa kwa sababu yangu.

Mwanao,
Yusra

Mpuguso,
8 Aprili 2025

Yusra,

Nimeipata. Nilipoimaliza tu, niliondoka kwenda kwa Atupele na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Nilimkuta anamwogesha mjukuu wake. Nikamwambia yote, sikupunguza neno.

Hakupiga kelele. Alimtoa mtoto kwenye beseni, akamfunga khanga, akayamwaga yale maji. Kisha akaniuliza, "Amejua tangu lini?"

Nikasema, "Tangu siku ile ile."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Sikugombezi. Ila umemwambia baba yako kabla ya kumwambia mkubwa wako wa kazi. Mimi nina cherehani, sina maabara. Nenda kamwambie.

Baba yako

Mbeya,
6 Mei 2025

Shikamoo baba,

Natumaini magoti yamepata nafuu.

Nilimwambia bosi wetu, Ackson, siku hiyo hiyo niliyopata barua yako. Alivua miwani, akasema, "Tutarudi, na utakwenda wewe mwenyewe." Tukarudi. Nililivuta lile bomba mpaka likakauka, nikakaa kwenye nyasi nikalisubiri. Maji mapya yalitoka yananuka lami. Majibu ya maabara yamesema hivyo hivyo, na mtendaji ameshapelekewa.

Nimeondolewa kwenye kazi za nje. Nastahili.

Sikupita nyumbani. Nilikuona umesimama barabarani na mwavuli, nikainama kama vile nafunga chupa.

Yusra

Mpuguso,
13 Mei 2025

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Na mimi nilikuona. Nilikaa pale nikisubiri uinue kichwa, mwishowe mvua ikanirudisha ndani.

Kisima cha Atupele kimezibwa kwa zege. Mtoto wa Jenifer wamempeleka hospitali. Daktari hajaona tatizo, ila wamrudishe mwezi ujao. Asubuhi napanda chemchemi na Atupele, nambebea ndoo moja. Njia nzima hanisemeshi. Waliokuwa wakinisalimia pale kwenye cherehani nao wanapita tu.

Jana ndipo alipoongea. "Mwambie Yusra aje. Sijamsamehe. Lakini nina maswali juu ya huyu mtoto, na wewe huwezi kunijibu."

Nikaanza kumwambia jinsi unavyojuta. Akanikatiza: "Hayo aje aseme mwenyewe."

Basi njoo Jumamosi. Ukishuka kwenye basi usianzie kwangu, anzia kwake. Nitakupikia, nitakusubiri, lakini safari hii sitakusemea.

Baba yako,
Nurdin