Mshahara wa Siku Ambazo Sipo

Shinyanga, Ijumaa, Julai 1953

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa msimu wa kuuza pamba, na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Sanduku langu liko karibu na mlango, nimelifunga kwa kamba. Kesho napanda treni kwenda kwetu Muheza, likizo ya mwezi mzima, na mshahara wangu utaingia kana kwamba nimesimama ubaoni nafundisha hesabu.

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanzia.

Juma zima nimejiuliza: kama mimi nitalipwa kwa kulala kwa mama na kula machungwa, Mama Shija naye je? Huu ni mwaka wa pili anakuja kila alasiri nikisharudi shuleni. Anafagia, anaosha vyombo, na kila Jumamosi anasiriba sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Mumewe yuko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na hela zake huja zikipenda. Nisipomlipa mwezi huo wa likizo, Mama Shija atakwenda Samuye kulima vibarua, na nikirudi huenda nisimpate tena. Kwa hiyo haukuwa wema mtupu, nakiri. Nilikuwa naogopa kumpoteza.

Leo alipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha nikamnyoshea noti ya shilingi kumi na sarafu mbili juu yake. Nikamwambia ni mshahara wa mwezi ujao, apumzike, tutaonana nikirudi.

Hakupokea.

Akauliza hizo ni za siku zipi. Nikasema ni za siku ambazo sipo. Akauliza nani atazitia alama siku hizo, na hapo nikajua tumefika kwenye kipande.

Kule machimboni mumewe ana kadi ya siku thelathini. Siku aliyofanya kazi hutiwa alama, siku aliyougua huachwa tupu, na mshahara hautoki mpaka alama zitimie. Hicho ndicho kipande. Mama Shija hajui kusoma, lakini kipande anakijua kuliko mimi, na amejitengenezea chake kwenye ukuta wa nyuma ya jiko langu. Akimaliza kazi anachora mstari mmoja wa mkaa. Ikitimia thelathini ananiita, tunahesabu pamoja, namlipa, anafuta, anaanza upya. Mimi huona raha kuhesabu naye. Mwanafunzi wangu yeyote angekuwa makini hivyo ningemshukuru Mungu.

Nikamwambia basi mistari ya mwezi huo nitamchorea mwenyewe, yote thelathini, sasa hivi. Nikaokota na mkaa kabisa.

Uso wake ukabadilika. Akanieleza kwamba shemeji yake alifukuzwa kazi kwa sababu nyapara alimtilia alama siku ambazo hakushuka shimoni. Akasema yeye siku ambayo haijafika hawezi kuila.

Nikacheka. Naona aibu kuliandika hilo. Nikamuuliza, nyumba ikifungwa, haina mtu, nani atakayeichafua hata iwe na kazi?

“Vumbi halijui kwamba umesafiri, Mwalimu,” akasema. “Na mchwa wakisikia kimya ndiyo kwanza wanapanda.”

Akainama akanionyesha, nyuma ya kasha la vitabu, njia ya mchwa iliyopanda ukutani, nyembamba kama kamba ya kiatu. Akasema huibomoa kila siku, na kila siku wanaijenga. Miaka miwili nimelala chumba kimoja na vita hivyo bila habari! Nilidhani anayechafua nyumba ni anayeishi ndani yake. Kumbe mimi ndiye mchafuzi mdogo kuliko wote.

Nikasema sawa, basi afagie uwanja, na uwanja nao ni kazi. Akafuta mikono kwenye kanga, kisha akasema taratibu, bila hasira:

“Hela unaniachia. Ufunguo unaondoka nao.”

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Tangu aanze kazi sijawahi kumwacha peke yake humu ndani. Akifagia, mimi niko kitini nasahihisha madaftari. Mara nyingi madaftari yenyewe nilikwisha kuyasahihisha shuleni, nageuza kurasa tu. Hajawahi kuchukua hata chembe ya sukari. Nilidhani hajui kwa nini nakaa pale. Leo akaniambia kwamba kusoma hajui, lakini kalamu isiyotembea anaiona.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Akasema nikitaka kumlipa kuna njia. Hela niziweke ndani, kabatini. Atakuja kila siku, atafungua, atafanya kazi, atachora mstari wake. Ikitimia thelathini atazichukua mwenyewe.

Nikatazama cherehani yangu niliyoidundulizia fedha mwaka mzima. Nikatazama kasha la vitabu. Sitajisifu, nilichelewa kujibu, na yeye aliniona nikichelewa. Mwishowe nikauvua ufunguo shingoni nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili. Nikaanza kumweleza kwamba kitasa kile ni kikaidi, akanikatiza akasema anajua, mlango unainuliwa kidogo kwanza. Alizijua tabia za mlango ule muda wote huo, ila hakuwahi kuufungua.

Hela nimezifunika kwa kikombe kabatini. Alichora mstari wa leo, akaaga akisema kesho atakuja asubuhi, akaenda zake na ufunguo ukining'inia shingoni mwake.

Sasa upepo umetulia, na ndiyo kwanza nakumbuka kwamba ufunguo ni huo mmoja. Kesho asubuhi nitatoka na sanduku langu, nisimame nje nimsubiri aje anifungie. Na nikirudi itanibidi nibishe hodi mlangoni kwangu. Sijui atakapoitikia nitajisikiaje, lakini nina hamu ya kujua.