Mninga wa Mlango wa Zahanati

Kaka,

Baba amesema leo asubuhi kwamba mninga bado mbichi. Ni maneno yake ya kwanza tangu kiharusi kimfunge ulimi miezi minne iliyopita.

Nilikuwa karakanani napiga randa ubao wa mlango wa zahanati, nikijidai umekauka. Mama akamsukuma Baba kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mezani. Baba akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Bado mbichi."

Mama akacheka huku analia. "Miezi minne hunisemeshi mimi, leo unasemesha mbao!"

Baba akajikaza. "Mbao... hazigombi."

Ubao nimeurudisha kivulini, na zahanati imekubali kusubiri. Mtaalamu wa kumzoesha kusema anakuja Jumatatu saa tatu. Piga simu saa tano, Baba atapokea mwenyewe.

Mdogo wako