Michembe Chini ya Lenzi

Maganzo, Jumapili

Wifi yangu Apolonia,

Salamu nyingi huko Ushirombo. Sisi wazima, mbuzi amezaa mapacha, na mfuko huu wa michembe, viazi vitamu nilivyokausha mwenyewe, ni wenu, mtafune na chai.

Asante kwa ushauri. Uliniambia nisihangaike kubuni, nichukue video ambayo watu wameshaipenda niingize bidhaa yangu. Nikaiga ile ya dalali wa almasi: anafungua karatasi polepole, anachungulia jiwe kwa lenzi, anatoa macho. Mimi kwenye karatasi nikaweka kipande cha michembe. Dalali nikamfanya kaka yako Bujiku, na lenzi yake mwenyewe, ile ambayo hakuwa ameigusa tangu shimo la almasi limfukie mdogo wenu Magesa.

Alitakiwa akaze uso. Akachungulia weee, akasema, "Mama Salome, jiwe lako lina ufa," akaangua kicheko mpaka karatasi ikamponyoka. Nikaiweka mtandaoni hivyo hivyo. Sasa oda zinatoka mpaka Geita.

Wateja wanasifu eti mume wangu anajua kuigiza. Nawaitikia tu. Wifi, hakuwa anaigiza. Ndiyo mara ya kwanza anacheka tangu tumzike Magesa.

Nisiyejua nikushukuruje,
Mama Salome