Shuka Lililokuwa Safi Mno

Dukani kwa Dobi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na kila aliye chini ya paa lako. Bega lako linaendeleaje? Uliandika kwamba huwezi kuinua mkono hata kuchana nywele, nami nikacheka peke yangu hapa mezani, maana nywele zenyewe zilianza kukuaga tangu siku ya harusi yetu. Usikasirike. Dada yako angecheka kunishinda. Na mapacha je, wameshaota yale meno ya mbele? Sisi huku hatujambo. Mvua imekatika, nguo zinakauka kabla ya saa sita, na mgongo wangu unanung'unika kama kawaida yake, lakini haujagoma.

Sasa nikae sawa, maana barua hii nimeianza mara tatu.

Mama yako ni mzima. Nimetaka ulisome hilo kwanza. Ni mzima, na akili zake anazo zote, na baadhi ya zangu pia.

Najua barua yangu iliyopita ilikuumiza. Nilikuandikia kwamba Mama hanijui tena, kwamba uzee umempanda kichwani. Ukajibu upesi kwamba mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua umpeleke kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee iliyo karibu nawe, na kwamba jina lake umeshaliandikisha. Sikulaumu. Kwa maneno niliyokupa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini maneno yale hayakuwa sahihi, ingawa sikukusudia kudanganya. Nataka ujue ilivyokuwa kabla hujakata tiketi.

Tangu dada yako atuache, ni karibu miaka miwili, Mama na mimi tumeishi wawili hapa nyuma ya duka. Kazi yake aliichagua mwenyewe. Hukaa kwenye kiti kifupi karibu na dirisha, na mkebe wake wa vifungo mapajani, anashonea nguo za wateja vifungo vilivyopotea. Jioni huvihesabu. Ukimwibia kimoja, anajua.

Basi, Jumatatu moja mwezi uliopita aliingia chumba cha pasi akanitazama kama mteja. "Dobi," akasema, "nguo za binti yangu ziko tayari?" Nikadhani utani. Kisha akauliza binti yake yuko wapi. Nikamkumbusha, taratibu. Shemeji, alilia kama mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia vilevile. Siku ya tatu sikuweza. Nikasema, "Ameenda sokoni, Mama."

"Akirudi," akasema, "mwambie nina kiu."

Neno hilo lishike.

Asubuhi ile ile ya Jumatatu nilikuta shuka lake limelowa. Wewe ni mwanamume na una mama mkwe, utanielewa. Sikuwa na mdomo wa kumwuliza. Nilisubiri akiwa ananawa uso, nikalitoa kimyakimya, nikalifua kabla mfanyakazi wangu hajafika, nikalitia dawa ya kung'arisha, nikalikausha kwa pasi, nikalitandika kana kwamba hapajatokea kitu. Kufua ndiyo kazi ninayoijua. Nilifanya hivyo wiki nzima, na nilijiona nimemstahi.

Nikampunguzia na maji pia. Chai ya jioni nusu kikombe, na baada ya saa kumi hakuna tone. Nilidhani namsaidia alale pakavu.

Mfanyakazi huyo humjui, alikuja baada ya msiba. Tunamwita Bi Foronya, kwa sababu siku aliyoomba kazi nilimpa foronya ajaribie, na sijawahi kuona kona za foronya zimenyooka vile. Zamani alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na miwili. Ana ulimi mkali, na nisiseme zaidi, maana atataka nimsomee barua hii.

Unakumbuka kila nguo ya hapa hutiwa uzi wa rangi pembeni ili zisichanganyike, na za nyumbani kwetu ni uzi wa buluu. Rangi hiyo ilichaguliwa na dada yako. Jumatatu iliyofuata Bi Foronya alilitandaza shuka moja la uzi wa buluu juu ya meza, akaniita.

"Dobi, hili lina kosa gani?"

"Halina kosa."

"Hilo ndilo kosa lake. Mwezi uliopita lilikuwa na doa la chai hapa. Leo jeupe kuliko la hotelini, na uzi umepauka mpaka nikadhani ni la mteja. Umelifua mara ngapi?"

Nikajifanya natafuta pasi.

"Nani anakojoa humu?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye ndara. "Wewe. Haya, vaa viatu twende kwa daktari, maana mwanamume wa umri wako akianza mambo hayo ghafla, si wa kuchekewa."

Nilishindwa, nikamweleza yote. Nilimwambia na habari ya sokoni. Hakunicheka. Alikunja shuka mara nne, akalipapasa, ndipo akasema, "Huu si uzee, Dobi. Uzee hauingii Jumatatu. Jumamosi ya kabla yake tu Mama alihesabu vifungo mia na ishirini, akanisema kwa kimoja nilichomficha. Mtu wa namna hiyo hachakai kwa siku mbili. Kesho usifue. Niletee lilivyo."

Miaka thelathini ya kazi hii sijawahi kumpa mtu nguo chafu ya nyumbani kwangu aitazame. Nilimletea asubuhi, nimelificha ndani ya foronya. Alilifungulia dirishani. Doa lilikuwa zito kama chai iliyosahauliwa jikoni, na harufu yake ilikuwa kali, si ile ya kawaida.

"Huyu hanywi maji?"

Nikamwambia kuhusu saa kumi.

Alipiga meza kwa kiganja mpaka pasi ikaruka. "Mama wa watu si shuka, umkaushe!"

Hatukufungua duka siku hiyo. Tulikodi gari mpaka kituo cha afya. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mwembamba mwenye miwani ya kamba, mpole, hana haraka. Alimpima Mama joto, lilikuwa limepanda kidogo tu. Akataka kujua mabadiliko yameanza lini, siku gani hasa, na hapo Bi Foronya alijibu kama shahidi aliyejiandaa. Kisha akatoa kikopo kidogo.

Mama akakitazama. "Mkojo wangu mna mpango gani nao?"

"Tunataka kuuhoji, bibi. Wewe mwenyewe umekataa kujibu maswali."

Mama akacheka! Wiki nzima sikuwa nimelisikia cheko lile. Akakubali, akaingia na Bi Foronya. Kuna utaratibu wake: mtu ajisafishe, mkojo wa kwanza aachie uende, wa katikati ndio akinge. Mimi nilibaki kwenye benchi nikisoma tangazo moja mara ishirini.

Kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo, hayo ambayo vijana huyaita yutiai. Muuguzi alinieleza kwa maneno ninayoyaweza. Kuna bakteria wanaoishi matumboni mwetu bila ugomvi na mtu, lakini wakihamia kwenye njia ya mkojo wanaleta balaa, na wakiachwa hupanda mpaka kwenye figo. Kijana atasikia kuungua na kwenda haja kila mara. Mzee huenda asilalamike kitu. Anachanganyikiwa tu, watu wanasema umri. Na mwili ukikosa maji, inazidi. Nilipomwambia kwamba ni shuka lililotuleta, alisema harufu ya shuka si kipimo, wala si kila mzee anayechanganyikiwa ana ugonjwa huu. "Lakini akibadilika ghafla, aletwe siku hiyo hiyo." Siku hiyo hiyo, Shemeji. Mimi nilikaa nane.

Walimlaza, wakamtundikia dripu, wakaanza dawa ya kuua bakteria. Sehemu ya mkojo waliiotesha maabara ili waone ni dawa ipi hasa inayowaweza. Siku ya tatu mtu wa maabara alikuja mwenyewe na karatasi: dawa ile ya kwanza bakteria wale hawaiogopi, ibadilishwe leo. Muuguzi akaniuliza kama Mama alikuwa amekunywa vidonge vyovyote nyumbani. Nikaapa hajagusa.

Bi Foronya hakuapa. Alirudi nyumbani, akamwaga mkebe wa vifungo. Chini kabisa palikuwa na karatasi tupu ya vidonge vya kuua bakteria, vile vilivyobaki vya dada yako, yenye mwandiko wangu pembeni wa saa za kumpa. Baadaye Mama mwenyewe alikiri: alikuwa amesikia kuungua wiki nyingi nyuma. Aliona haya kumwambia mkwe wake, akaokota vidonge vinne, akapata nafuu, akanyamaza. Muuguzi alisema vidonge vichache namna hiyo, tena vya mtu mwingine, huwatisha tu bakteria, haviwamalizi.

Basi yeye alinificha kuungua, nami nikamficha mashuka. Tuliheshimiana mpaka karibu tuuane.

Dawa mpya ilimkubali. Asubuhi ya tano tangu alazwe nilimpelekea chai. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Mkwe, mbona umekonda?"

Chai nusura niimwage. Nilikaa. Akawa anapanga mambo kichwani, nikaona jinsi yanavyomrudia moja moja, na moja nililokuwa naliogopa likafika.

"Mwanangu hayuko sokoni," akasema.

"Hayuko, Mama."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Si nyingi."

"Muongo." Akanishika mkono. Tangu nioe sikumbuki kama aliwahi kunishika mkono. "Pole, mwanangu. Umemzika kila siku, na mimi sikukusaidia."

Shemeji, nimeona watu wengi wenye nguvu. Mtu aliyerudishiwa akili zake zikamletea msiba ule ule, naye akaanza kwa kumpa pole mwenzake, huyo sijamwona mwingine. Alilia mara moja, akajifuta, akaomba mkebe wake. Dawa aliendelea nayo nyumbani mpaka ya mwisho, ingawa alijisikia mzima siku nyingi kabla. Alitenga vifungo sawa na vidonge vilivyobaki, na kila akimeza kimoja alihamisha kifungo kwenye kikombe kingine. Hakuruka hata kimoja. Bi Foronya alikuwa akikagua.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Zile siku nilizosema dada yako ameenda sokoni, kuna jioni nilijikuta natazama mlango. Basi. Nimeshaliandika, sasa tuliache.

Siku hizi Mama ana jagi lake lenye uzi wa buluu kwenye mpini, na hulimaliza kabla ya jua kuzama. Akitaka kwenda haja anagonga sakafu kwa fimbo mara mbili, hangoji wala habani. Na kila Jumamosi Bi Foronya humkumbusha mambo ya usafi wa wanawake, kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma na mengineyo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mimi wakati huo huenda kuangalia kamba zangu. Lakini kama kuna linalouma au linalolowa, katika nyumba hii sasa linasemwa. Nimeona haya mara tatu tu, ya nne sikuona.

Ombi langu ni hili, na si langu peke yangu. Dada yako siku zile za mwisho alinishika pindo la shati akasema, "Mama yangu asihame hapa." Nilikuwa karibu kuivunja ahadi hiyo kwa ujinga, si kwa ubaya. Lile jina uliloliandikisha, lifute. Nimemwuliza Mama anataka nikuandikie nini, akasema bila kuinua macho kwenye sindano: "Mwambie aje anione, asije kunibeba." Njoo basi. Kitanda kipo, na mashuka, kama unavyojua, hayatupi shida.

Nisalimie mke wako, umwambie lile gauni lake la kijani bado nimemtunzia. Wasalimie mapacha, baba mdogo na magoti yake, na shangazi asiyependa kusalimiwa. Mama anakusalimu, anauliza kama unakunywa maji. Bi Foronya naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema mtoto wa mama kama huyu hawezi kuwa mtu mbaya. Mungu akulindie bega, akulindie nyumba, na safari yako aifanye nyepesi.

Wako akupendaye siku zote,
Shemeji yako, Dobi.

Siku kumi na tatu nilikaa mbele ya mtu asiyenikumbuka, na nimejua uzito wake. Ukikaa kumkumbuka dada yako, nikumbuke na mimi.