Baki ya Mwisho

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi kutoka shule. Nimekula viporo, nimeangalia kompyuta. Bado inahesabu. Zidisha namba kwa yenyewe, toa mbili, gawa kwa namba yangu kubwa, chukua baki, rudia. Mamilioni ya mara. Kwa kanuni hii, baki ya mwisho ikiwa sifuri, namba yangu ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hakuna binadamu anayeijua bado. Upepo wa Kilimatinde leo balaa, vumbi hadi kwenye chai.

Jumamosi, 12 Julai

Imemaliza. Si sifuri.

Nimekaa sakafuni. Na jibu lenyewe la kinyama: linasema namba inagawanyika, halisemi inagawanyika kwa namba ipi.

Jumapili, 13 Julai

Kumbe! Baada ya ibada nimemkuta Mama anaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, kama anavyofunika redio na tivii. Anafanya hivyo kila nikienda shule. Eti vumbi. Nimeigusa, ya moto kama jiko. Mashine ikichemka inakosea, na kosa moja tu linaharibu hesabu nzima.

Nimefoka. Nimemwambia Mama ameniua. Mama yangu mzazi. Amekunja kitambaa, ametoka.

Naanza upya. Desemba nastaafu, kompyuta ni ya shule, inarudi. Lazima iwahi. Lazima iwe tasa. Miaka thelathini ya chaki, sina kingine cha kuacha.

Alhamisi, 17 Julai

Mama ameondoka, amekwenda Mitundu kwa dada yangu. Mlangoni amesema, "Kaa na namba yako, baba." Ningemfuata. Nani atalinda mashine?

Jumanne, 16 Septemba

Umeme umekatika tena. Umerudi, inaendelea ilipoishia.

Nasali. Mwalimu mzima wa hesabu namwomba Mungu namba iwe tasa! Ilivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya mtu wa kwanza kuhesabu vidole. Najua. Nasali tu.

Dada amepiga, Mama hali chakula vizuri. Nikasema nakuja hesabu ikifika nusu. Nusu imepita wiki jana.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho inamaliza. Silali. Ikikataa sijui nitaamkia nini.

Jumamosi, 8 Novemba

Si sifuri.

Nimelinganisha baki hii na ile ya Julai, tarakimu kwa tarakimu. Ni ile ile. Mashine inayokosea haiwezi kuleta baki ile ile mara mbili. Kwa hiyo Julai haikukosea. Kitambaa hakikuharibu kitu. Mama hakuharibu kitu.

Nimepiga Mitundu. Nikamwomba dada anipe Mama, nimwamkie. Nikasikia dada na Mama wananong'ona. Kisha dada akasema Mama amelala.

Saa nne asubuhi.

Nimeizima kompyuta. Kesho naenda Mitundu.