Kifaa Juu ya Paa la Mzee Makokha

Shianda, Kakamega

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya lolote naliulizia goti lako. Je, linakuruhusu kupanda hadi shambani, au bado unamtuma Mghoi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana chumba changu kimetenganishwa na cha jirani kwa mbao tu, na haya sitaki ayasikie.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Tunafunga vifaa vidogo juu ya mapaa ya watu. Kila nyumba inapokea intaneti kutoka kwa jirani na kuipitisha kwa nyumba inayofuata, bila waya kukatiza mashamba. Nyumba moja ikikatika, zote zilizo nyuma yake zinakatika. Kwa hiyo huku mtu akikosa mtandao, wa kwanza kulaumiwa ni jirani.

Tangu mvua zianze, kila alasiri nyumba zilizo nyuma ya nyumba ya Mzee Makokha zilikuwa zinapoteza mtandao. Ya kwanza ni ya mdogo wake, Shiundu, bondeni, ng'ambo ya shamba la miwa. Ndugu hao hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa ardhi waliyoachiwa na baba yao.

"Fundi, usijisumbue na waya," Shiundu aliniambia. "Huyo anakizimanga kifaa makusudi. Anajua binti yangu anapatia riziki yake hapo."

Binti yake, Sofia, anafanyia kazi nyumbani. Anawajibu wateja wa duka la ng'ambo kwa kompyuta, na wakubwa wake walikuwa wamemwonya kwamba akipotea tena mtandaoni watamtafuta mwingine. Nilimwamini Shiundu. Nilikuwa na haraka ya kumwamini, kwa sababu mkubwa wangu naye alishaanza kuniuliza, kwa sauti ya utani isiyo na utani, kama kweli vifaa vyote nilivyochukua stoo viko juu ya mapaa ya watu.

Basi nikaenda kwa Mzee Makokha nikiwa nimekunja uso. Alisimama nyuma ya geti bila kulifungua.

"Kabla hujapanda, niambie," akasema. "Hicho kitu kinasikia?"

"Hapana, Mzee."

"Juzi nilisema humu ndani, mimi na mke wangu tu, kwamba nitauza fahali wangu. Kabla sijamtoa zizini, ndugu yangu alikuwa anajua. Nani alimwambia?"

Akanifungulia shingo upande, akasimama chini ya ngazi akichunga kila nilichoshika.

Kifaa kilikuwa kinawaka na waya ulikuwa mzima. Lakini nilipotazama bondeni, sikuliona paa la Shiundu. Wakati ninafunga kile kifaa, miwa ilikuwa haifiki magotini. Sasa ilikuwa imesimama kama ukuta. Nikiwa bado juu, mvua ikaanza, na hapo hapo nikaona kwenye simu yangu mawasiliano ya nyumba hizo mbili yakififia mpaka yakakatika. Majani ya miwa yaliyolowa ndiyo yaliyokuwa yanaziba njia. Hakuna aliyekuwa anazima kitu.

Nilishuka nikakimbilia jikoni kujikinga. Mama Rispa, mke wa Mzee, alikuwa amenipa mgongo, akimrekodia mtu ujumbe wa sauti kwenye simu yake.

"Mwambie mume wako asipitie huku leo, mzee ameamka vibaya. Na Sofia, mmemwambia avumilie?"

Alikuwa anazungumza na mke wa Shiundu. Aliponiona, akaificha simu chini ya leso.

"Fundi, wewe ulikuja kuangalia waya tu, sivyo?"

"Waya tu, Mama."

Nilimweleza Mzee kwamba tunahitaji mlingoti mrefu uani kwake, ili kifaa kiinuke juu ya miwa. Akasema atakubali nikiapa kwamba hakisikii. Niliapa. Mama, ni kweli hakisikii, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mwongo, maana Mama Rispa alikuwa mlangoni ananitazama.

Mlingoti ulisimama. Mvua inanyesha na Sofia anaendelea na kazi yake.

Majuzi nilirudi kukaza nyaya, nikamkuta Shiundu ameketi kwa kaka yake. Wanakula obusuma, ndio ugali wao, kwa kuku, bila kusema mengi. Mzee akanisindikiza hadi getini.

"Nilikupima," akasema. "Nilisema ndani kwamba Shiundu akija mwenyewe, tutapima mpaka upya, sote wawili. Sikumtuma mtu. Asubuhi akaja."

Nilingoja aniite mwongo.

"Kwa hiyo kinasikia," akasema. "Kiache hapo hapo."

Hakutabasamu. Mpaka sasa sijui kama anakishuku kifaa changu, au siku nyingi anajua kwamba anayepeleka maneno ni mke wake.

Nisalimie kaka mkubwa na mbuzi wake, shangazi wa kwaya, na Mghoi anayekusomea haya. Mwambie sehemu ya Mama Rispa aisome polepole na mlango umefungwa. Watu hawa siwajui bado, na maneno yana miguu kuliko nilivyodhani.

Mwanao anayekuwaza,
Wakesho