Friji ya Chanjo

Jumanne, 11 Oktoba 1994

Nimelificha tangu Machi: friji ya chanjo ya kituo chetu cha afya ilizimika mikononi mwangu. Sista Bhoke, muuguzi wetu, alikuwa semina Homa Bay. Mimi, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati, ndiye niliyeachiwa ufunguo. Tulikuwa na matanga ya ndugu yangu — watu wamejaa boma, karabai zinataka mafuta ya taa, na madukani hakuna. Nikachukua dumu la kituo. Friji inatumia mafuta hayo hayo. Nikaiwasha tena kabla Bhoke hajarudi. Sikusema.

Leo amezikwa mtoto wa Roselyn, jirani. Surua. Alichanjwa hapa, Machi ile ile. Si wa kwanza.

Naandika nikiwa kitandani. Ini limeharibika, daktari hakunificha.

Jumatano, 12 Oktoba

Caren, mke wa mwanangu, amerudi na maneno ya kisimani. Eti Bhoke aliuza dawa kwao Kehancha, kwa Wakuria, watoto wetu akawadunga maji. Mmoja kauliza Mkuria alianza lini kumwonea huruma mtoto wa Mjaluo. Wakacheka, lakini kicheko cha kutisha, Caren anasema.

Kituo kitupu. Akina mama wanawafungia wagonjwa nyumbani, wanawaogesha majani. Dawa za kuwasaidia ziko pale, hakuna anayezifuata.

Ijumaa, 14 Oktoba

Bhoke alikuja kuniona. Amekonda. Alinibadilishia shuka, akaniosha miguu, kisha akakaa chini.

Mwalimu, akasema, labda ni mimi. Labda nilichanganya dawa vibaya. Usingizi sipati.

Halafu: ile wiki ya semina, friji haikuzima, ama?

Haikuzima, binti yangu.

Nilijibu upesi. Siku hizi sijibu chochote upesi.

Jumapili, 16 Oktoba

Mume wa Roselyn amerudi kutoka machimbo ya Macalder na wenzake. Wamepiga mawe bati la nyumba ya Bhoke. Nashon, naibu wa chifu, alipita hapa baada ya kanisa. Kesho ni baraza, wanataka Bhoke aondoke. Mzee, akasema, ukimtetea atabaki. Ukinyamaza, mimi peke yangu siwawezi hao vijana.

Nimemwambia waje wanibebe.

Jumatatu, 17 Oktoba

Walinibeba na kiti mpaka kituoni. Nikasema: mafuta nilichukua mimi, friji ikazima, chanjo ikaharibika. Bhoke hakujua.

Kisha kijana mmoja akasema mzee anamkinga mtu wake anayemwosha miguu. Wakaangua kicheko.

Roselyn akasimama. Hakucheka. Alisema: Mwalimu, nakuamini. Lakini ulikuwa na msiba, nawe si daktari. Ungejuaje kwamba dawa hufa kwa joto? Tumekusamehe. Huyu ndiye aliyesomea. Angejua.

Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Bhoke alikuwa mlangoni, akanitazama tu. Kwamba nilimdanganya juzi, alielewa pale pale, mbele ya watu.

Nami nikaupokea msamaha. Niliinamisha kichwa kama mtu anayebarikiwa.

Caren alikuwa nyuma ya kiti changu, Frankline mwanawe mgongoni. Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Ukaondoka.

Wamenirudisha nyumbani. Bhoke amejifungia ndani ya kituo na wanaume wamekaa nje, mume wa Roselyn mbele yao. Nashon amekwenda kutafuta askari. Nawasikia kutoka hapa. Nimemwita Caren anitafutie wa kunibeba tena. Yuko uani, hajibu.

Basi niandike, nisije nikafa kabla ya kufika. Asubuhi ile ya chanjo, mwezi Machi, Caren alikuwa ameshamvisha Frankline, anatoka. Nilimsimamisha. Nilimpa nauli mwenyewe, nikamwambia: huyu wetu mpeleke akachanjwe Homa Bay.